Shamba la pembezoni mwa jiji: ukate vipande mwenyewe, upime kwa ubia, au usubiri fidia?

Dalali wa kwanza kufika shambani kwetu hakuja na karatasi wala kamba. Alisimama kando ya barabara, akahesabu hatua 20 kuelekea kwenye mbuyu, akageuka kushoto, akahesabu nyingine 20, akachomeka kijiti. "Mama, hapa mteja yupo. Leo hii anaweka kishika uchumba," akamwambia shangazi yangu. Shangazi akakitazama kijiti, akauliza: "Na huyu wa nyuma yake atapita wapi?" Dalali akasema njia zitajipanga zenyewe, watu wakishajenga.

Nimeishi kwenye mtaa ambao njia ziliachwa zijipange zenyewe, kwa hiyo jibu lile lilinitia hofu. Shamba letu ni ekari 20 nje kidogo ya Dodoma. Babu alilima mtama na uwele, baadaye akaongeza zabibu upande wa chini. Kwa muda mrefu hakuna aliyeitaka ardhi ile ila sisi na ng'ombe wa majirani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini mashamba ya pembezoni yalianza kutafutwa kwa kasi baada ya Serikali kuhamia kweli. CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu, ikavunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa manispaa, manispaa ikawa jiji Aprili 2018, na ofisi za wizara zikaanza kuinuka Mtumba. Ekari iliyokuwa ikiuzwa kwa hesabu ya magunia ya mtama sasa inaulizwa kwa mita za mraba.

Mwenye shamba aliyeko kwenye hali kama yetu ana njia tatu mbele yake. Nimezipitia zote kwa karibu, nyingine kwa ndugu zangu, nyingine kwa jirani, moja kwetu wenyewe. Nitazipanga ubavu kwa ubavu, ila sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazina uzito sawa.

KUKATA VIPANDE MWENYEWE

Hii ndiyo njia ya dalali na kijiti. Unapima kwa hatua, ekari ikiwa hatua 70 kwa 70 na kiwanja hatua 20 kwa 20, mnaandikishana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wanatia saini, fedha inabadilisha mkono. Uzuri wake ni wa kweli na sitaudharau. Huhitaji mtaji wa kuanzia. Unauza kipande pale tu shida inapokuja. Ndugu yangu mmoja alimlipia mtoto ada ya chuo miaka mitatu kwa njia hii, na asingeuza, mtoto angerudi nyumbani.

Lakini elewa unachouza. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka ugawaji wa ardhi ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango upate kwanza idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu ni halmashauri ya jiji. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia mauziano. Hana mamlaka ya kuidhinisha ugawaji, hata kama mhuri wake umegongwa kwenye kila ukurasa. Kwa hiyo mnunuzi anachukua karatasi inayosema alilipa nani na kiasi gani, basi. Benki haiipokei kwa mkopo, na bei yake inashuka kulingana na hilo.

Kinachoumiza zaidi ni kile kisichoandikwa kwenye karatasi. Mwaka juzi tulizika mzee mmoja kwenye mtaa uliokatwa kwa hatua. Gari lililobeba mwili liliishia mita kama 200 kabla ya nyumba. Vijana wakalibeba jeneza, na kwenye kona moja, kati ya ukuta wa tofali na choo cha jirani, ikabidi walinyanyue juu ya vichwa na kulipitisha kwa ubavu, huku binti wa marehemu ameweka kiganja chake kati ya sanduku na ukuta lisije likagonga. Hakuna aliyekosea siku ile. Kila mwenye kiwanja alijenga ndani ya mpaka aliouziwa. Aliyekosea ni yule aliyeuza bila kuacha njia, na wakati huo alishakula fedha na kuhama.

Watu hujipa moyo kwamba urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, utakuja kurekebisha. Unarekebisha kiasi. Pale Kimara, Dar es Salaam, na baadaye kwenye miji mingi, wananchi walikubaliana kupunguza hapa mita moja, kule mita mbili, barabara zikapatikana, bikoni (alama za mipaka) zikawekwa na hati zikatoka. Wizara ya Ardhi iliwahi kushusha ukomo wa gharama ya urasimishaji hadi shilingi 150,000 kwa kiwanja, na ni Wizara hiyohiyo iliyolalamika hadharani kuhusu kampuni zilizokusanya fedha za wananchi na kuacha kazi njiani. Hata pale kazi inapokwisha vizuri, urasimishaji unapima kilichopo. Kama kilichopo ni nyumba zilizobanana, utapata ramani safi ya nyumba zilizobanana. Mtu anaweza kukubali kusogeza ukuta mita moja. Hutampata mtu wa kubomoa nyumba ili watoto wa mtaa wapate pa kuchezea, na fedha ya kumlipa fidia mtaa hauna.

Kuna pia leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa. Inasaidia kumtambua mkazi, lakini Sheria ya Ardhi inaipa muda usiozidi miaka 5 kwa mara moja. Hati ya kiwanja cha makazi inaweza kwenda hadi miaka 99.

KUPIMA KWA UBIA

Njia ya pili ndiyo wengi wanaiita upimaji shirikishi. Mwenye shamba, au wenye mashamba kadhaa yaliyopakana, wanaingia makubaliano na halmashauri au kampuni ya upangaji na upimaji. Wao hawatoi fedha, au wanatoa kidogo. Mwenzao anagharamia michoro, upimaji na ufuatiliaji, kisha anachukua sehemu ya viwanja vitakavyopatikana. Migao ninayoisikia mara nyingi ni 70 kwa 30 na 60 kwa 40, fungu kubwa likibaki kwa mwenye ardhi. Kama familia ina akiba, inaweza pia kulipa gharama zote yenyewe na kubaki na viwanja vyote.

Kazi inakwenda hivi. Kwanza mipaka ya shamba inahakikiwa mbele ya majirani, na hapa ndipo ugomvi wa miaka 30 hufufuka, kwa hiyo waiteni majirani mapema na muwape chai. Mpangamji anachora mchoro wa mipango miji unaoonyesha viwanja, barabara, eneo la shule au zahanati kama ukubwa unaruhusu, na maeneo ya wazi. Mchoro lazima uoane na mpango kabambe wa jiji. Kama mpango unasema eneo lenu ni la viwanda au hifadhi ya barabara, mtajua siku hiyo, na ni heri kujua siku hiyo kuliko siku ya tingatinga. Mchoro unapita kwenye kamati ya mipango miji ya halmashauri, kisha unaidhinishwa na Wizara ya Ardhi. Ndipo mpima anaingia shambani kuweka bikoni, ramani ya upimaji nayo inaidhinishwa, na mwishowe ndio mnaanza habari ya hati.

Hii yote inachukua muda. Weka hesabu ya mwaka na zaidi, na usimwamini anayekuahidi miezi mitatu. Ndani ya muda huo huuzi kitu, madalali wanaendelea kuja, na ndugu mmoja mwenye shida ataanza kusema mngekuwa mmeshauza. Tatizo la njia hii ni subira zaidi kuliko fedha.

Kama shamba liko kwenye ardhi ya kijiji, tuseme upande wa Bahi au Chamwino, kuna hatua nyingine kabla ya zote hizi. Ardhi ya kijiji haiwi ardhi ya mji kwa mchoro wa kampuni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ina utaratibu wa kuihamisha kuwa ardhi ya jumla, ambapo mkutano mkuu wa kijiji unaamua kama eneo halizidi hekta 250, na likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri. Kampuni inayotaka kukupimia viwanja vya mji katikati ya kijiji bila kuligusa jambo hili inakuuzia mchoro usio na miguu.

KUSUBIRI FIDIA

Njia ya tatu huichagui wewe, yenyewe ndiyo inakuchagua. Serikali inatwaa eneo zima, inalipa fidia, inapima na kuuza viwanja. Mfano mkubwa ni mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002, ambao mwishowe ulitoa zaidi ya viwanja 30,000 katika maeneo kama Kibada, Gezaulole, Buyuni na Bunju. Ukipita Kibada leo utaona barabara zilizonyooka na nafasi kati ya nyumba, na huwezi kubisha kwamba mpangilio ulikuja kabla ya nyumba. Lakini waliokuwa na mashamba pale kabla ya mradi walilipwa bei ya shamba, na wengi wao hawakuwa na uwezo wa kurudi kununua kiwanja kwenye ardhi waliyokuwa wakiilima.

Ukijikuta kwenye njia hii, zijue haki zako. Fidia haiishii kwenye miti na nyumba. Ina thamani ya ardhi yenyewe, maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida iliyopotea. Inatakiwa kulipwa ndani ya miezi 6, ikichelewa inadai riba, na uthamini uliopita miaka 2 bila malipo unatakiwa kufanywa upya. Piga picha kila mche wa mzabibu siku ya uthamini, na usitie saini fomu ambayo sehemu ya idadi iko wazi.

HESABU YA EKARI 20

Maneno yakizidi hayamsaidii mtu kuchagua, kwa hiyo tuweke hesabu mezani. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, badilisha uweke za kwenu.

Ekari 20 ni kama mita za mraba 80,940. Ukikata kienyeji viwanja vya mita 20 kwa 20 na kuacha vichochoro vyembamba vinavyokula sehemu ya kumi, utapata viwanja kama 180. Kila kimoja kikiuzwa milioni 1.5, jumla ni milioni 270, ambazo zitaingia kidogo kidogo kwa miaka.

Ukipita kwenye mchoro, tuseme barabara, maeneo ya wazi na huduma vinachukua asilimia 35. Hapo wenye mashamba wengi huruka: ekari saba ziende bure? Zinabaki mita za mraba kama 52,600, yaani viwanja 130 hivi vya ukubwa uleule. Kwa mgao wa 70 kwa 30, vyako ni 91. Kiwanja chenye bikoni na barabara ya gari hakiuzwi bei ya kichochoroni. Tuseme milioni 4. Viwanja 91 vinakupa milioni 364. Una nusu ya viwanja na fedha nyingi zaidi. Mkijigharamia wenyewe, viwanja 130 ni milioni 520 kabla ya kutoa gharama.

Sasa sikiliza sehemu ambayo sisi nusura ituponyoke. Mkataba wa kwanza tulioletewa na kampuni moja ulisema kampuni itachukua "asilimia 30 ya eneo". Hakukuwa na neno viwanja. Mpwa wangu, anayesoma mwaka wa pili chuo, akakaa na kikokotoo. Asilimia 30 ya shamba lote ni mita za mraba 24,000 na ushee. Hizo zikitoka kwanza, halafu barabara na maeneo ya wazi, mita 28,000 na ushee, zikatolewa zote kwenye fungu letu, tunabaki na viwanja 70. Kwa milioni 4 kila kimoja, ni milioni 280. Yaani tungesubiri mwaka na zaidi, tukapitia kamati na wizara, tukatoka na milioni 10 zaidi ya yule dalali wa kijiti. Kilichokula faida yote ni neno moja tu kwenye mkataba. Mgao uhesabiwe juu ya viwanja vilivyopatikana baada ya kutoa barabara na maeneo ya umma, ili pande zote mbili zichangie.

Na viwanja havifanani. Vya kona na vya kando ya barabara kuu vina bei yake, vya mteremkoni vina yake. Tulidai kugawana kwa zamu juu ya mchoro, sisi kimoja wao kimoja hadi fungu lao litimie, kuanzia mstari wa mbele. Bila hivyo mwenzako atachukua mstari wote wa barabarani, na bado karatasi itasoma 70 kwa 30.

ENEO LA WAZI: MAKOMBO AU KITI CHA KATIKATI

Nikiulizwa ni wapi njia hizi tatu zinatofautiana kabisa, sitataja hati wala bei. Nitataja eneo la wazi. Barabara inaweza kupatikana baadaye kwa maumivu. Hati inaweza kuja baadaye. Eneo la wazi lina siku yake moja tu, nayo ni siku shamba bado ni zima na kalamu iko mkononi mwa mpangamji. Kikishauzwa kiwanja cha kwanza katikati, siku hiyo imepita.

Lakini hata ndani ya njia ya pili kuna michoro ya aina mbili, na macho yanadanganywa na rangi. Mchoro wa kwanza tulioonyeshwa ulikuwa na sehemu kubwa ya kijani upande wa chini. Shangazi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, aliweka kidole juu ya ile kijani na kuuliza: "Korongo liko wapi hapa?" Kijana wa kampuni akanyamaza kidogo, akasema ni hapohapo. Eneo letu la wazi lilikuwa korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu. Mvua za Desemba hadi Aprili zikija, maji yanashuka kutoka mlimani kwa saa moja na kupita na kila kilicho mbele yake, kisha yanaacha ukingo umemegeka. Mtoto hachezi pale. Na ardhi ile haikuwa ya kujenga tangu mwanzo: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na hata pale mtu atakapobisha kama korongo ni mto, maji hayabishi. Kampuni ilikuwa imechukua pasipojengeka, ikapaka kijani, ikaiita huduma kwa jamii.

Korongo liachwe, tena liachwe pana, lipandwe miti ya kushika udongo. Hilo ni la lazima. Lisihesabiwe tu kuwa ndilo eneo la wazi.

Tukaomba mchoro wa pili, wenye eneo la wazi katikati, kwenye ardhi ya tambarare, linalozungukwa na nyumba zenye kulitazama. Jibu likawa kwamba tutapoteza viwanja. Mpwa akarudi kwenye kikokotoo. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Gawanya kwa viwanja 130. Ni mita za mraba 55 kwa kila kiwanja. Badala ya 20 kwa 20, kila kiwanja kinakuwa 15 kwa 23. Idadi ni ileile 130, na mtaa mzima una uwanja kamili wa mpira. Kila familia inatoa nafasi ya kama sebule na chumba, ambayo mara nyingi ingekuwa kona ya kutupia tofali zilizobaki. Muulize mpangamji kama kipimo hicho kinaingia kwenye kima cha chini cha viwanja vya ujazo mkubwa, yaani vile vidogo vya makazi ya watu wengi, kwa eneo lenu, maana kanuni za vipimo zipo na hubadilishwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Mnunuzi wa Dodoma anapenda kiwanja kikubwa, anataka kufuga kuku, kupanda mchicha, kumjengea mama yake banda la uani. Ukimpa 15 kwa 23 atakwenda kwa jirani mwenye 20 kwa 20. Kwenye viwanja vichache hilo linaweza kuwa kweli. Nilichoona ni kwamba mwenye watoto wadogo akipelekwa kiwanjani kwanza anauliza maji, pili umeme, tatu shule iko umbali gani, na akiona vijana wanacheza mpira kwenye ardhi iliyowekewa bikoni, halafu akaambiwa hapo hapauzwi milele, uso wake unabadilika.

Dodoma ina haki ya pekee ya kudai hili. Mpango wa kwanza wa mji mkuu, wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Kanada ya Project Planning Associates, uliipa nafasi ya kijani uzito mkubwa, na mwaka 2017 ikazinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani. Miche imegawiwa kwa wingi. Mche unahitaji ardhi ya kusimama, na kwenye mtaa uliokatwa kwa hatua hakuna pa kuuweka isipokuwa uani kwa mtu.

Kupata eneo ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kulilinda. Dar es Salaam ilipoteza maeneo mengi ya wazi kwa uvamizi, mengine yakiwa yamechorwa vizuri kabisa. Hakikisha eneo lina bikoni zake na linaonekana kwa jina la matumizi yake kwenye ramani iliyoidhinishwa. Nakala ya mchoro ibaki serikali ya mtaa, nyingine kwa familia, nyingine shuleni. Mzungushieni uzio wa minyaa, pandeni miarobaini na mikwaju pembeni, wekeni magoli hata ya miti. Panapochezwa kila jioni, mvamizi anaonekana akishusha tripu ya kwanza ya mawe. Kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji maombi na tangazo, na wakazi wana nafasi ya kupinga, ila hawawezi kupinga kitu ambacho hawajui kuwa ni chao.

UCHAGUE IPI?

Kama una mgonjwa leo na huna pengine pa kushika, uza. Sitamwambia mtu aache mama yake afe kwa ajili ya mchoro. Ila mlipe mpangamji hata mchoro wa awali kwanza, uuze kipande kilicho kwenye ukingo ambacho hakitaziba barabara wala eneo la katikati, na uandike kwenye mauziano kwamba mnunuzi ataingia kwenye mpango wa eneo zima.

Kama una ekari moja au mbili peke yako, mchoro wako peke yako hautafika mbali. Barabara mbili zikishachukua nafasi yake utabaki na viwanja vya kuhesabu kwa vidole, na eneo la wazi litakuwa kipembe. Ungana na majirani. Ekari 2 mara 8 zinakuwa mtaa.

Kama ardhi ni ya marehemu, usianze na kampuni wala dalali. Anza mahakamani kuteua msimamizi wa mirathi, maana bila yeye saini zenu zote ni za mashahidi. Nimeona mchoro mzuri wa ekari 15 ukilala miaka minne kwa sababu hii tu.

Na kama una ekari kama zetu, mipaka haina ugomvi na familia inaweza kuvumilia mwaka na nusu, pima. Kagua kwanza kama mpangamji amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji, na kama mpima anatambuliwa na baraza la wapima. Mkataba uwe na tarehe ya mwisho na kifungu cha kuuvunja. Majina ya familia yaingie moja kwa moja kwenye viwanja vyenu, yasipitie kwa kampuni. Makaburi ya babu na bibi yaonyeshwe kwenye mchoro na kuachiwa njia.

Kuhusu fidia, mwenye shamba asiikalie akiingoja. Ardhi iliyokwisha kupata mchoro ulioidhinishwa ina sauti kubwa zaidi mbele ya mthamini kuliko ile ya magugu.

Sisi tulikataa mkataba wa kwanza, tukapata kampuni nyingine iliyokubali kuandika "viwanja" mahali pa "eneo". Mchoro wa pili umeshapita kamati ya mipango miji, tunasubiri idhini ya wizara. Mbuyu umebaki ndani ya eneo la wazi, kwenye kona ya kaskazini, ule ule dalali aliouelekea alipohesabu hatua zake. Jumamosi iliyopita vijana walikata miti miwili mirefu ya goli. Shangazi anataka isichimbiwe hadi bikoni ziwekwe, asije mtu akasema goli limeingia barabarani.